Bushi au beringi? Tathmini ya viungo vya mikono ya sasapensheni ya nyuma

Kwa gari la kasi linalotumika barabarani na pia kwenye uwanja wa mbio, ninazipa beringi za tufe (viungo vya chuma vyenye tufe linalozunguka ndani ya pete) nafasi ya kwanza kwenye mkono wa sasapensheni, yaani fito inayounganisha gurudumu na gari, unaodhibiti uelekeo wa gurudumu la nyuma, kwa kuwa hapo hata kunepa kidogo kwa bushi (kipande cha mpira au plastiki kinachowekwa kwenye kiungo) hugeuza gurudumu wakati wa kufunga breki na kulifanya gari liyumbe. Hata hivyo, beringi hizo hupitisha mtetemo na kelele hadi ndani ya gari, na zisipokuwa na vifuniko vya kuzuia vumbi huisha mapema mno.

Bushi za poliyurethani (aina ya plastiki inayonyumbuka) sizipendekezi kila mahali: ni ngumu kuliko mpira wa kawaida, lakini kwenye mkono unaolazimika kujipinda pande kadhaa huzuia mwendo wa sasapensheni, na zikikosa grisi hulia. Mkono unaolizuia gurudumu lisisogee mbele na nyuma ubaki na mpira mgumu. Mpira huo, ulioshikamanishwa na chuma, hunyongeka badala ya kuteleza, hivyo bolti zake zikazwe gari likiwa limebeba uzito wake kwenye magurudumu. Zikikazwa likiwa limening'inia juu ya jeki, mpira huchanika upesi, hasara inayosikitisha kwa sababu huepukika kabisa.