Toyota GR86 baada ya kilomita 9,400 za Dodoma: lini uanze kulifanyia gari marekebisho?

Tangu gari hili lianze kulala kwenye uwanja wa nyumba yangu hapa Kisasa, swali ninaloulizwa kuliko mengine yote halihusu bei wala mwendo wake. Watu huuliza, "Umeshalifanyia nini?" Nimelitumia kwa kilomita 9,400, na vitu nilivyobadilisha ni vitatu tu, cha kwanza kikiwa kimeguswa baada ya kilomita 5,000. Naandika tathmini hii kwa ajili ya yule ambaye gari lake bado liko melini na tayari ameshanunua springi fupi na bomba la moshi, kwa kuwa niliwahi kuwa mtu huyo na iliniuma.

GR86, gari dogo la kimichezo, iliingia sokoni Japani mwaka 2021, ikirithi nafasi ya 86 ya mwaka 2012, na zote mbili zimeundwa na Toyota kwa kushirikiana na Subaru. Injini ni ya lita 2.4, silinda zake nne zimelala pande mbili, na kwa kipimo cha Japani inatoa nguvu za farasi 235. Lakini namba inayohusika na hoja yangu ni ya torki, yaani nguvu ya injini ya kuzungusha: gari hili linafikisha newtonmita 250 kwenye mizunguko 3,700 kwa dakika, ilhali lile la kwanza lilikuwa na 205 tu na lilizipata baada ya kupita mizunguko 6,000. Marekebisho mengi ambayo wamiliki wa toleo la zamani waliyafanya ili kuamsha injini iliyokuwa inalegea katikati ya mizunguko hayana kazi hapa, na anayeyanunua leo anatibu ugonjwa wa gari jingine.

Kuhusu kilomita za mwanzo sina mjadala. Katika kilomita 1,600 za kwanza usivuke mizunguko 4,000, usikanyage mafuta kwa ghafla, wala usishikilie mwendo mmoja kwa muda mrefu. Sharti hilo la mwisho ni gumu kwetu, kwa maana safari ya kutoka Dar es Salaam hadi Dodoma ni kilomita kama 450, na ukishaipita Gairo barabara inakushawishi utulie kwenye gia ya sita hadi nyumbani. Mimi nilichagua kwenda Iringa kwa njia ya Mtera, kwa kuwa kona na mwinuko wa Nyang'oro humlazimisha dereva kupanda na kushusha gia kila wakati. Nilipofika 1,600 nilimwaga oili, ingawa ratiba ya matengenezo haikunilazimisha.

Ni katika safari hizo nilipoelewa kwamba nilichodhani ni uvivu wa injini kilikuwa ni hewa ya Dodoma. Mji wetu uko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na injini isiyo na tabo, kile kifaa cha kuisukumia hewa zaidi, hupoteza takriban sehemu moja ya kumi ya nguvu zake kwenye kimo hicho. Gari lilelile lililokuwa jepesi Dar es Salaam linakuwa zito kidogo likifika Ihumwa, na bomba la moshi la bei yoyote ile haliwezi kurudisha hewa ambayo haipo. Kama ningekimbilia kupanga upya kompyuta ya injini wiki ya kwanza, ningeyahatarisha madai ya waranti kwa sababu ya mwinuko wa ardhi. Mwenye bima kubwa akumbuke pia kuiarifu kampuni yake ya bima kabla ya kugusa chochote cha injini.

Springi ndizo zilizonifunza zaidi. Gari langu lililotangulia, Subaru Impreza ya mtumba, nililipeleka gereji moja likashushwa siku chache tu baada ya kulipata, nikafurahia mwonekano wake kwa wiki mbili. Matuta ya Kibaigwa yaling'oa bampa ya mbele, shokapu mbili zikavuja kabla ya mwaka kuisha, na gari halikuwahi tena kutulia kwenye kona. GR86 iko chini tayari. Nikivuka tuta kwa mshazari na taratibu inapita bila kugusa, na sioni sababu ya kuipunguzia hata sentimita moja.

Fundi wangu wa Chang'ombe, niliyemfuata nikiwa na orodha ndefu, aliitazama akanirudishia. "Kaka, gari bado halijakuambia linaumwa wapi, utalipa dawa gani?" Nilisubiri, na likasema. Kwenye mteremko wa Nyang'oro kanyagio la breki lilianza kulainika, hivyo nikabadilisha pedi na mafuta ya breki. Baadaye nikafunga bamba la chuma la kukinga injini kwa chini, kwa sababu ya vipande vya changarawe vya njia ya kuingia kwangu. Cha tatu ni matairi, nayo niliyabadilisha yalipoisha. Kichujio cha hewa nimeendelea kutumia kile cha kiwandani, ila nakikagua mara kwa mara; vumbi la Julai na Agosti, upepo unapovuma, si la kulikaribisha kwa kichujio cha wazi kinachopendwa kwa mlio wake.

Kwa gari lenyewe nimeridhika sana: usukani unajibu upesi, gia zinaingia vizuri, na uzito wa karibu kilo 1,270 unahisika kwenye kila kona. Viti vya nyuma ni vya mabegi, mwenye watoto wawili alijue hilo mapema.

Kilichobaki kwenye orodha yangu ni rejeta ya oili, ya kupoza oili ya injini. Nitapanda tena Nyang'oro mwezi Oktoba au Novemba, joto likiwa kali kabla ya mvua, nikisoma joto la oili kwenye dashibodi kila kilomita, na namba hizo ndizo zitakazoamua kama nitaifunga.