Mke Mwenza Kutoka Kaburini

Jumamosi nilikwenda na wifi yangu kutazama "Blithe Spirit" ya Noël Coward, iliyochezwa na kikundi cha mtaani kwetu hapa Leicester. Kiingilio pauni 14. Tamthilia hii ya 1941 wameihamishia siku zetu: Charles, mhusika mkuu ambaye ni mwandishi, anaandika riwaya yake kwenye kompyuta mpakato, na jikoni kuna mashine ya kahawa.

Nilikuwa na hofu moja. Kichekesho chote kimejengwa juu ya mzuka wa Elvira, mke wa kwanza, ambaye Charles peke yake ndiye anayemwona. Charles akimkaripia huyo marehemu, basi mke wake wa sasa, Ruth, anadhani katukanwa yeye. Lakini siku hizi nani hushtuka mtu akiongea peke yake? Kwenye basi kila abiria ana vitu masikioni. Mwongozaji kalitumia hilo hilo. Charles anavaa vile visivyo na waya, na Ruth anaamini yuko kwenye simu. Anamfuata, anavichomoa, kimoja, kisha cha pili, anaviweka mezani. Charles anaendelea kujibu! Ukumbi ulinyamaza kwanza, ndipo ukaangua kicheko. Wifi akanifinya mkono: "Wifi, leo ndiyo kajua ana mke mwenza."

Wimbo wa "Always" wa Irving Berlin, ambao zamani ulitoka kwenye santuri, sasa unapigwa na spika ya kuamrishwa kwa sauti. Inajiwasha bila mtu kusema neno. Nywele zilinisimama.

Madame Arcati, yule mwita mizimu, wamemwachia baiskeli yake, na wamefanya vizuri. Mama aliyemwigiza hakumfanya kituko. Aliwatafuta wafu kama fundi anayetafuta bomba linalovuja, kwa bidii na heshima ya kazi.

Palipopwaya ni kwa Edith. Mtumishi wa 1941 alilala humo humo nyumbani. Huyu wamemfanya dada wa usafi anayekuja mara mbili kwa wiki. Sasa usiku wa manane anafanya nini ghorofani, bendeji kichwani? Siwaharibii mwisho, ila bila Edith kulala mle ndani, fundo la mwisho halifunguki. Wangemfanya mpangaji wa chumba cha juu, mambo yangekaa sawa.

Wanarudia Ijumaa na Jumamosi ijayo, saa moja na nusu usiku. Kaeni upande wa kushoto, karibu na mlango wa bustani. Elvira anaingilia hapo.