Duka la mijusi chui Kirumba: daftari la ukoo lina thamani kuliko rangi ya ngozi

Mfugaji wa Mwanza anayetafuta mjusi chui mwenye ualbino anaweza kulitembelea kwa faida duka dogo la wanyama wa kufugwa lililo mtaa wa nyuma upande wa Kirumba, kwa sababu moja kubwa: mwenye duka anatunza daftari la ukoo wa kila mjusi anayemzalisha mwenyewe. Nimenunua hapo jike mmoja, na huwa narudi kununua nyenje na unga wa kalsiamu. Samaki wa mapambo na ndege wanaouzwa katika chumba cha mbele siwahusishi katika tathmini hii.

Kwa asiyemfahamu, mjusi chui anatofautiana na mjusi kafiri wa kuta zetu. Asili yake ni nchi kavu zenye mawe za Afuganistani, Pakistani na kaskazini-magharibi mwa India, macho yake yana kope zinazofumba, na vidole vyake havinati, hivyo hawezi kupanda kioo. Ualbino wake una koo tatu, zote zilizoanzia Marekani na kubeba majina ya wafugaji: ukoo wa Ron Tremper, uliojitokeza mwaka 1996, ukoo wa Tim Rainwater wa Las Vegas, na ukoo wa Mark Bell wa Florida. Kila ukoo una jeni fichu yake, maana yake mtoto hana budi kupokea nakala mbili za jeni ileile, moja kwa baba na nyingine kwa mama, ndipo ualbino uonekane. Mjusi wa ukoo wa Tremper akipandishwa na wa ukoo wa Bell, watoto huanguliwa na rangi ya kawaida, wakiwa na weusi wao wote, ilhali kila mmoja amebeba jeni mbili tofauti za ualbino ambazo hazisaidiani. Watoto hao wakiuzwa bila maandishi, kisha wakazalishwa wao kwa wao, kizazi kinachofuata huwa na albino ambao hakuna mtu awezaye kusema kwa hakika ni wa ukoo gani, na wengine huwa wa koo mbili kwa wakati mmoja. Hasara hiyo haifutiki kwa urahisi, na hapo ndipo kazi ya duka hili inapoonekana.

Daftari lenyewe ni kaunta buku la kawaida lenye jalada gumu. Kila ukurasa una namba ya mjusi, namba za wazazi wake, tarehe ya kutagwa kwa yai, joto la kitotoleshi na tarehe ya kuanguliwa, na pembeni kuna safu ya jeni zinazobebwa bila kuonekana. Niliomba ukurasa wa jike niliyemtaka, nikafuata namba za wazazi wake hadi kwa bibi na babu, wote wakiwa wa ukoo wa Bell, na mwenye duka akanipa nakala iliyopigwa muhuri bila kuombwa mara ya pili. Safu ya joto ilinifurahisha kuliko zote, kwa kuwa wauzaji wengi huiacha, na kumbe ndiyo inayoeleza kwa nini ndugu wa tumbo moja wanatofautiana rangi. Mayai yanayototoleshwa kwenye nyuzijoto 26 hivi hutoa majike kwa wingi, na yale ya 31 hadi 32 hutoa madume kwa wingi. Joto hilohilo hubadili ngozi pia, kwani albino aliyetokana na yai lililokaa kwenye ubaridi huwa na kahawia nzito, na aliyetokana na yai la joto huwa na rangi nyepesi ya njano au waridi.

Niliwekewa mijusi wawili ubavu kwa ubavu, karibu na dirisha lenye pazia jepesi. Bell alikuwa na macho yenye wekundu wa waridi ulioonekana hata bila kumsogeza, na madoa yake yalielekea zambarau iliyofifia. Tremper, aliyetotoleshwa kwenye ubaridi, alikuwa na madoa ya kahawia kama kakao, na macho ya rangi ya fedha yaliyopitiwa na vimishipa vyekundu. Rainwater hawakuwepo siku hiyo. Hao mara nyingi huwa wepesi zaidi wa rangi na umbo lao huwa dogo kidogo. Dalili hizi zinasaidia kukisia tu. Tremper wanatofautiana mno wao kwa wao, na aliyetotoleshwa kwenye joto anaweza kumpoteza hata mfugaji mzoefu. Jambo ambalo jicho linaweza kulithibitisha ni dogo: albino wa ukoo wowote hana weusi popote mwilini, ilhali mjusi mweupe asiye na madoa anayeitwa Blizzard kwa kawaida ana macho meusi na si albino, ingawa wanunuzi wengi humchanganya.

Dosari kubwa ya duka niliikuta kwenye rafu ya chini, ambako mjusi wa rangi ya chungwa mwenye macho mekundu yote alikuwa amebandikwa kibandiko cha Raptor. Jina hilo ni kifupi cha maneno ya Kiingereza na lina masharti, kwa kuwa herufi T ndani yake ni ya Tremper, yaani mjusi sharti awe albino wa ukoo huo. Mjusi anayefanana naye kwa ukoo wa Bell huitwa Radar, na wa ukoo wa Rainwater huitwa Typhoon. Daftari lilionyesha kwamba mjusi huyo aliletwa kutoka kwa mfugaji mwingine na mama yake hakuandikwa. Kumwita Raptor kwa sababu ya macho peke yake ni kumuuzia mteja hakika ambayo duka halina. Nilimweleza mwenye duka, akasikiliza kwa utulivu, akaandika upya kibandiko: albino, ukoo haujathibitishwa. Bei aliishusha papo hapo, jambo ninalolihesabu upande wake.

Anayemtaka mjusi wa namna hiyo kwa kumtunza tu hana la kuhofia, kwa kuwa ukoo haubadilishi afya wala upole wake. Anayetaka kuzalisha ndiye anayepaswa kumpima kwanza kwa kumpandisha na albino wa ukoo unaojulikana. Watoto wote wakitoka na rangi ya kawaida kutoka mayai ya kutosha, ukoo huo haumo. Wakitoka albino, umo. Kwa kuwa jike hutaga mayai mawili kwa mkupuo na hafai kuzalishwa kabla ya kukomaa, karibu mwaka mmoja, upimaji huo unahitaji subira na nafasi ya kuwaweka watoto.

Malezi dukani ni mazuri kwa sehemu kubwa. Kila sanduku lina upande wa joto na upande wa ubaridi, pedi za joto zimeunganishwa na kidhibiti, na sakafuni kuna vigae badala ya mchanga, unaoweza kuziba matumbo ya wachanga. Usiku wa Mwanza hupoa hadi karibu nyuzijoto 18, hivyo nilifarijika kuona betri ya akiba kwa ajili ya umeme unapokatika. Ninalolipinga ni taa kali nyeupe iliyo juu ya safu ya albino. Macho yao hayana kinga ya kutosha dhidi ya mwanga, na watatu niliowaona walikuwa wamefumba kope mchana kutwa huku chakula kikiwapita. Taa hafifu na maficho mengi vingewatosha.

Nyenje na funza wa unga huzalishwa hapohapo, na mteja huelekezwa kuwapaka kalsiamu kabla ya kulisha. Wadudu wa kuokota nje duka halishauri kabisa, kwa hofu ya sumu za mashambani.

Kuna jambo jingine la kumpongeza mwenye duka. Yeyote anayeulizia albino kwa ajili ya dawa au bahati anaondoka mikono mitupu, na tangazo la kukataza maulizo hayo limebandikwa mlangoni. Kanda ya Ziwa imeumizwa vya kutosha na imani potofu kuhusu ualbino, na watu wenye ualbino wamelipa kwa damu. Biashara yoyote inayogusa neno hili ina wajibu wa kuwa wazi kiasi hicho.

Bei za wenye ukoo ulioandikwa ziko juu, na punguzo ni dogo. Kwa mfugaji wa kuzalisha, nakala ya ukurasa wa daftari inafidia tofauti hiyo. Mnunuzi wa Ukerewe atakayevuka kwa kivuko hupewa kisanduku chenye matundu na kitambaa laini ndani. Akiweke kivulini, mbali na injini, na asimlishe mjusi kabla ya safari.