Datsun 240Z na Mitsubishi Lancer katika Safari Rally

Datsun 240Z, yenye injini ya silinda 6 na ujazo wa lita 2.4, ilimpatia Shekhar Mehta ushindi wa Safari Rally, mashindano ya magari ya Afrika Mashariki, mwaka 1973, ingawa alilingana kwa pointi za adhabu (mwenye chache zaidi ndiye hushinda) na Harry Källström, naye akiendesha Datsun ya aina nyingine. Mitsubishi Lancer ya lita 1.6 haikuwa na nguvu hizo. Hata hivyo, mwaka 1974 Joginder Singh aliipitisha katika matope mazito ya Kenya na kuishinda Porsche 911 ya Björn Waldegård. Kwa barabara kavu ya changarawe ningechagua Datsun, lakini penye tope ningechukua Lancer, ambayo mwaka 1976 ilitwaa nafasi zote tatu za kwanza.