Kibanda cha njia ya Donge kisichokuwa na muuzaji: nenda na chenji yako

Nanunua hapa toka mwaka jana na kila siku nasema ntaandika siandiki, leo nimekaa kitako. Hapa Unguja, ukishapita Mahonda unaelekea Donge kuna mwembe mkubwa, chini yake kibanda cha makuti, nguzo nne na ubao mmoja wa kupangia vitu, basi. Hakina jina wala bendera wala mtu. Yaani ukisimamisha chombo ukapiga hodi hakuna atakaekuitikia, vitu viko pale vimepangwa mafungu, bei imeandikwa kwa makapeni kwenye kipande cha boksi, na pembeni kuna kopo la maziwa ya unga limefungwa kwa waya kwenye nguzo. Unachukua ulichokitaka, unatia pesa kwenye kopo, unakwenda zako.

Mara ya kwanza nilikuwa na mama nyuma ya vespa tunakwenda kwa khalati, yeye ndie alieona ndimu akanigonga bega nisimame. Tukakaa pale kama dakika tano tunamsubiri mwenyewe atokee. Mie nikalisogelea lile kopo nikalitazama vizuri, mfuniko umetobolewa kwa ncha ya kisu na kingo za ule mpasuko zimepindwa kwa ndani, kwa hiyo noti ukiikunja mara nne ukaisukuma ikishaingia haitoki tena, na sarafu ukiitia unaisikia inavyogonga chini, ting. Hapo ndio nikafahamu kama ndio kununua kwenyewe huku. Nikatoa sarafu ya mia tano, ile ya nyati na Mzee Karume, nikaitia. Mama akachukua fungu lake la ndimu, akalitazama, akasema kwa sauti kabisa, "Nimenunua." Hakuna mtu pale, anaziambia ndimu.

Vitu vinavyokuwepo vinategemea msimu na siku yenyewe. Mara nyingi utakuta ndimu fungu mia tano, pilipili mbuzi mia tano, tungule (nyanya) fungu elfu moja, shelisheli moja elfu moja na mia tano, chane ya ndizi pukusa elfu moja na mia tano, madafu elfu moja moja na panga liko pale pale utajifulia mwenyewe. Muhogo siku upo siku haupo. Na Donge ni Donge, msimu wa shokishoki ukifika kibanda chote kinakuwa chekundu, fungu elfu moja, na fungu lenyewe fungu kweli sio zile tano sita unazowekewa mjini. Ndimu zake ndogo lakini zina maji, shelisheli zinachumwa zimekomaa, ukiichoma kwa makumbi inakuwa laini mpaka katikati. Tungule ndio siku nyengine si nzuri, za chini zimebonyea kwa jua, lakini kwa vile hakuna mtu wa kukuharakisha unazigeuza moja moja unachagua.

Na hili la mafungu ndio nimelifikiria sana, mana naona ndio sababu ya biashara hii kukubali. Sie hatukuzoea kila kitu kipimwe mizani, toka zamani ndimu na tungule na dagaa zinauzwa kwa fungu, na fungu lina bei yake. Kwa hiyo mwenye kibanda akishapanga asubuhi kazi imekwisha, hakuna cha kupima, mteja anahesabu mafungu tu. Alafu hakuna kupatana bei. Sokoni mjini mtu anakutajia elfu tatu akijua wewe utasema elfu moja na nusu mkutane kwenye mbili, sasa hapa utapatana na nani, na kopo? Basi mwenyewe imembidi aandike ile bei ya mwisho toka mwanzo, na mie katika mara zote nilizonunua sijaona bei ya kumuumiza mtu.

Mwenyewe nimekuja kuonana nae mara ya nne au ya tano, bibi wa makamo, anatoka kondeni na jembe begani. Nikamwamkia, shikamoo bibi, marahaba mwanangu, nikamuuliza kwani hukai hapa? Akanambia, "Mwanangu, nikae barabarani kutwa kwa mafungu kumi ya ndimu, muhogo nani atanipalilia?" Hesabu yake ndio hiyo na sioni kosa lake. Mwanae yuko mjini, wajukuu wako skuli, akikaa kibandani konde linaota majani, akikaa kondeni ndimu zinamuozea. Anatoka adhuhuri na alasiri kuja kumwaga kopo, anaangalia kilichobaki, anarudi.

Nikamuuliza na wizi je. Akasema kweli yamemkuta, siku moja kopo zima liliondoka na pesa zake, wakati huo halijafungwa waya. Akakaa kama wiki mbili bila ya kuweka kitu, alafu watu wa pale pale njiani ndio waliokuwa wakimgongea mlango wanataka ndimu, akarudi na waya. Lakini nilichokuwa sikukitarajia ni hiki, anasema akihesabu mafungu na pesa siku nyengine hazilingani, pungufu mia tatu mia nne, na yeye hiyo haiiti wizi. Anasema yuko mtu hapa jirani ana watoto anachukua shelisheli anatia alichonacho. "Kwa mimi huyo keshanunua."

Kwa ajili hiyo mie sitaki kibanda hiki kiwekwe lipa namba, ile namba ya kulipia kwa simu, na najua kuna watu watanipinga. Ndugu yangu yuko Uingereza ananambia kule vibanda kama hivi viko vingi vijijini, mwenye shamba anaweka mayai na viazi na jemu kwenye geti na kisanduku cha pesa, kisiwa cha Guernsey ni maarufu kwa hayo, na Japani pia vipo, vingi kila kitu yen 100 ili usihangaike na chenji. Sasa anasema Uingereza watu wameacha kutembea na pesa taslimu, kila mtu kadi, mtu anafika getini na njaa ya mayai hana hata sarafu moja, kwa hiyo wengine wamebandika namba ya benki au ile michoro ya kupiga picha na simu. Kwao sawa. Kwetu Donge bibi ana simu ya vitufe, line yake anaishika mjukuu, na makato ya kutuma na kutoa kwa vijipesa vya mia tano yanamla yeye na wewe. Na kubwa kuliko yote ni kuwa simu inatuma jina. Yule jirani wa shelisheli akilipa kwa simu itakuja meseji, fulani bin fulani katuma mia mbili. Kopo halisemi nani katia nini.

Sasa kasoro, mana zipo na nataka mwenye kwenda ajue.

Ya kwanza chenji. Hakuna chenji, full stop, kopo linameza halitemi. Mie siku moja nimefika na noti ya tembo, elfu kumi, sina nyengine hata moja, na nimeshachagua shelisheli, chane ya pukusa na fungu la ndimu, jumla elfu tatu na mia tano. Nimesimama pale sijui nifanyeje. Niondoke nikachenji Mahonda nirudi, au nirejeshe vitu? Ndio nikaliona daftari, daftari la skuli la kawaida limetobolewa pembe limening'inizwa kwa uzi wa nailoni pamoja na kalamu, ndani watu wameandika, "nimechukua muhogo nalipa kesho", "tungule 2 nadaiwa 1000", kisha yamekatwa mstari kuwa yamelipwa. Nikaandika, nimetia 10,000 nimechukua vya 3,500, mwenye vespa ya buluu, iliyobaki ntachukua vitu Ijumaa. Nikatia tembo wangu kwenye kopo na kusema kweli roho iliniuma, elfu sita na mia tano sio pesa ya kuitupa njiani.

Ijumaa ya pili nimefika nimefungua daftari kabla hata ya kutazama vitu. Chini ya maandishi yangu kuna maandishi ya mtoto, yale ya kukandamiza kalamu mpaka karatasi inatokeza upande wa pili, "WA VESPA BULUU 6500", na pembeni kachora vespa. Nikachukua tungule na shelisheli, nikaandika imebaki 4,000. Ijumaa iliyofuata mtoto keshaandika tena 4000 kwa herufi kubwa kuthibitisha. Hakuna duka mjini, na mie nakopa na kukopesha, lililowahi kunitunzia hesabu yangu namna ile bila ya mie kuuliza.

Ya pili kunguru. Wale kunguru walioletwa kutoka India miaka ya 1890 wamekuwa ni maadui wa kila kitu hapa Unguja na kibanda kisicho na mtu kwao ndio karamu, papai likiachwa wazi nusu saa limeshatobolewa. Bibi ameweka chandarua kikuukuu juu ya matunda, inasaidia, lakini wateja wengine wakishachukua vyao hawakirudishi. Jamani ukinunua kifunike. Ni mkono mmoja tu.

Ya tatu masika. Boksi la bei likirowa maandishi yanachuruzika, hujui hii mia tano au mia nane. Nilimpelekea kipande cha bati na rangi, sasa bei za kudumu ziko kwenye bati na zinazobadilika ndio za boksi. Na kopo nalo lilikuwa linaingia maji kwa ule mpasuko, noti zinatoka zimegandana, sasa hivi juu yake amelifunika kifuu.

Narudi kwenye lile neno la mama. Yeye toka siku ile alikuwa hana raha, ananiuliza njia nzima, "Sasa hapa kaniuzia nani?" Wazee wetu bado wanalitamka, mnunuzi anasema nimenunua na muuzaji anasema nimekuuzia, ndio mali imehama. Nikamuuliza ustadhi wa mtaani kwetu, akanieleza kuwa katika madhehebu yetu ya Kishafii asili wanataka tamko la pande mbili, ijabu na kabuli, yaani muuzaji aseme nimekuuzia na mnunuzi aseme nimekubali, lakini Imamu Nawawi, mwanachuoni mkubwa wa madhehebu hayo hayo, alichagua kauli kuwa kile ambacho watu kwa ada yao wanakihesabu kuwa ni kuuziana basi ni kuuziana, hata ikiwa ni kupeana tu. Mama akaridhika, lakini neno lake hakuliacha, mpaka leo akichukua fungu lazima alisemeshe.

Basi siku nilipompelekea bibi lile bati nikamsimulia, nikidhani nampa habari mpya. Akanambia yeye asubuhi akishapanga mafungu yake ya mwisho, kabla ya kuchukua jembe, anasimama pale anasema, "Nimemuuzia kwa bei hii kila atakaeridhia." Kila siku. Kwa hiyo mama alikuwa anamjibu mtu kumbe, masaa matano sita baadae, bila ya kuonana. Nilipomwambia mama alinyamaza muda, alafu akaomba twende Ijumaa inayofuata akamwamkie, na walipoonana wakakaa chini ya mwembe wanazungumza mpaka mie nikalala kwenye kiti cha vespa.

Kama unataka kwenda, nenda asubuhi, saa tatu saa nne hivi vitu bado vimejaa, Ijumaa baada ya sala utakuta ndimu na pilipili tu, vyengine vimeshakombwa. Chukua kikapu au pakacha lako mana mifuko hakuna, na ya plastiki hapa Zanzibar ilipigwa marufuku miaka mingi kabla hata ya bara kuipiga marufuku 2019. Noti za Nyerere, zile za elfu moja, na sarafu za mia tano na mia mbili, kusanya wiki nzima ukinunua mkate usizitumie. Gari iweke nje ya lami kabisa, pale barabara ina kona na daladala za njia hiyo hazipunguzi. Na usichukue picha ya daftari ukaitupia mtandaoni, mle ndani mna madeni ya watu.

Nyota nampa nne, ya tano imeliwa na chenji. Kuna mtu kaniambia aweke kikopo cha pili cha sarafu mtu ajichenjie mwenyewe, nimemfikishia bibi akasema atalifikiria, sijui.

Juzi nimechukua dafu moja nikalinywa pale pale nimesimama, kabla yake nilishakula pukusa na pilipili, kwa hiyo daftarini bado nina elfu moja yangu. Ijumaa hii nikijaaliwa nachukua tungule, naanza ukurasa mpya.