Duka la gemu la Langoni: hapa saa inaanza ukishaanza kucheza

Kabla sijasema kuhusu duka wacha nieleze muda wangu ulivyo, maanake bila hivyo hamtaelewa kwa nini nalipenda hivi. Mimi ni mtu wa boti, nabeba abiria kati ya Lamu na Mokowe, saa kumi na moja alfajiri nshafika gatini, na jioni nikirudi kuna watoto, kuna mke, kuna mambo ya nyumba. Nafasi yangu ya gemu ni baada ya Isha mpaka kama saa tatu na nusu, na hio si kila siku, mara mbili kwa wiki nikibahatika. Kwa hio naongelea saa moja. Saa moja ya mtu aliyechoka ambaye ametoa bob 100 mfukoni ili acheze, sio atizame.

Duka liko mtaa wa Langoni hapa Lamu, ndani ndani, ukitoka Usita wa Mui, ile njia kuu ya mji, unaingia kichochoro ambacho punda wawili wakikutana mmoja lazima arudi nyuma, chumba cha chini cha nyumba ya zamani ya mawe, nje hakuna kibao, utafuata kelele za vijana tu. Tivii nne, mashine za PlayStation nne, PS4 tatu na PS5 moja. PS4 saa nzima 100, nusu saa 50, mpira unaweza kulipa kwa mechi bob 20, PS5 ni 150. Bei ni kama za kwengine, mwenye duka hajashusha. Tofauti iko kwa vile anavyohesabu.

Nilikokua naenda zamani, mahali pengine kabisa na sipataji, ukikaa tu kwa kiti jamaa anabonyeza simu yake, saa imeanza. Siku moja nikachukua gemu ya mapanga, mpya, vijana wote wanaisifu, na mimi nikaamua nihesabu kwa simu yangu. Ikaja nembo ya kampuni ya kwanza, ikaja ya pili, ikaja ya tatu, zote hata ubonyeze pedi ya kuchezea mpaka kidole kiume haziruki. Likaja onyo usizime mashine ukiona alama hii. Ikaja bonyeza kitufe chochote, nikabonyeza, ikaanza kuloadi. Ikaniuliza kama mwangaza wa tivii uko sawa. Ikataka nikubali masharti, maandishi marefu ambayo hakuna mtu kwenye chumba kile ashawahi kuyasoma. Ndo ikaleta filamu, mfalme anakufa, mtoto analia, moshi kila mahali, na filamu nayo hairuki. Upanga nimeushika dakika ya 14. Piga hesabu bob 100 kwa dakika 60, hio ni bob 23 imeenda kwa kutizama. Na nikishapewa upanga naambiwa nimfuate mzee anaenda kijijini anahadithia njia nzima, ukitembea anakuacha, ukikimbia unampita, kwa hio unatembea unakimbia unasimama, unatembea unakimbia unasimama, na yeye hana haraka.

Iliniuma sana wallahi, na iliniuma kwa sababu ile gemu ilikua nzuri. Mapigano yake matamu, picha zake ukiona bahari utadhani uko Manda. Mimi sichukii gemu ndefu, na hadithi nazipenda. Nachukia kufungiwa mlango wa kitu nilichokilipia.

Sasa huku Langoni siku ya kwanza nimeingia nikakuta kipande kikubwa cha boksi kimebandikwa ukutani, kimeandikwa kwa maka pen, gemu zote za duka zimepangwa moja moja. Mbele ya kila gemu ameandika ni dakika ngapi toka kuwasha mpaka unacheza, filamu inaruka au hairuki, unaweza kusevu popote au mpaka ufike mahali pake, na inataka intaneti au haitaki. Kapima mwenyewe, kila gemu, kwa saa ya simu. Nikamuuliza mbona umejisumbua hivi, akaniambia, "Ami, mtu akitoka hapa na kinyongo na gemu, kinyongo anakileta kwangu." Nimekaa boti miaka mingi na abiria wa kila aina na hilo neno nimelielewa moja kwa moja, injini ikikataa katikati ya maji abiria hamlaumu aliyeitengeneza, anakulaumu wewe.

Na haishii kuandika. Ukimwambia gemu unayotaka anaiwasha yeye kwanza, anapita manembo yote, anangoja iloadi, anakufikisha pale ulipoachia (kila mteja wa kila mara ana akaunti yake kwenye mashine, yangu ameiandika Ami Boti), ndo anakupa pedi ndo anaanza saa. Ukiwa na muda mchache anakwambia ukweli hata kama anapoteza. Kuna siku nilitaka gemu moja ya PS5 akanikatalia, akasema, "Hii Ami haikufai leo, una nusu saa, itakula robo kabla hujafanya kitu, njoo siku una nafasi." Akaniwekea ya mpira kwa 50 badala ya kuchukua pesa nyingi zaidi. Duka gani lingine linafanya hivo.

Pale ndani tunaongea sana mambo haya, na ukikaa na wale vijana unajifunza. Kumbe hata hizi kampuni kubwa kubwa wakati mwingine hazishughuliki kabisa na dakika za mtu. Kisa cha GTA Online, gemu ya kuchezwa na watu kwa intaneti, ndo kilinishangaza. Gemu imetoka 2013, watu wakawa wanangoja dakika nyingi kila wakitaka kuingia, wakazoea, wakaona ndo ilivyo. Mpaka 2021 mtu mmoja tu, hata si mfanyakazi wao, akaichunguza kwenye kompyuta yake akakuta programu inasoma faili moja kwa njia mbovu, inarudia kazi ile ile mara nyingi bila sababu, na faili yenyewe ni orodha ya vitu vya kununua ndani ya gemu! Akarekebisha kwake, muda wa kungoja ukapungua karibu asilimia 70. Rockstar, kampuni yenye gemu, wakakubali kua ni kweli, wakatoa apdeti, wakamlipa dola 10,000. Mimi nawapa haki yao kwa kukubali na kumlipa, si kila kampuni ingefanya, lakini miaka karibu minane, ukijumlisha dakika za watu wote dunia nzima waliokaa wakitizama mawingu kwenye tivii, zile hakuna wa kuzirudisha.

Na kungoja kwenyewe si lazima kuwe kitupu. Kampuni ya Namco kwenye gemu yao ya magari, Ridge Racer ya PlayStation ya kwanza kabisa waliweka Galaxian, gemu ndogo ya kupiga vyombo vya angani, unaicheza huku mashine inasoma gemu ya magari. Miaka ya tisini hio! Mimi nilipoambiwa nikauliza sasa kwa nini wengine hawakuiga, kumbe Namco walichukua hataza, yani haki ya kisheria ya lile wazo, na ikakaa mpaka 2015 ndo ikaisha. Miaka yote hio watu tunatizama mstari unajaa. Sasa PS5 inaloadi haraka kwa sababu ya ile diski yake ya kasi inayoitwa SSD, hilo nalisifu, ila manembo na masharti na filamu zisizoruka ziko pale pale maanake hizo hazitokani na mashine, ni mtu ameamua.

Kuna aina nyingine ambayo kwangu mimi ni mbaya kuliko hii, nayo ni gemu kukuchosha makusudi ili baadae ikuuzie kupumzika. Star Wars Battlefront II ya 2017 watu walipiga hesabu kumpata Darth Vader, mmoja wa wahusika wake, umchezee, unahitaji kucheza kama saa 40, na huku gemu umeshainunua bei kamili. Watu wakapiga kelele mpaka EA, kampuni yenye gemu, wakashusha ile gharama kwa asilimia 75, na mwaka uliofuata Ubelgiji wakasema yale masanduku ya bahati yanayouzwa ndani ya gemu, unalipa bila kujua utapata nini, kwao ni kamari. Saa 40 kwangu mimi ni karibu miezi mitano ya nafasi zangu zote. Miezi mitano nimfungue mtu mmoja.

Za simu ndo usiseme. Candy Crush angalau inajulikana, una roho tano, ukimaliza ungoje nusu saa kwa kila roho moja au ulipe au usumbue jamaa zako, hio ndo biashara yao na wako wazi. Lakini mtoto wa dada yangu alikua na gemu moja ya shamba kwenye simu, mazao yakiiva usipoyatoa yanaharibika, na yanaiva wakati wa gemu sio wakati wako. Siku moja alamu imelia saa nane usiku nyumba nzima tumeamka tukidhani kuna msiba, kumbe mtoto anaenda kuvuna mahindi. Darasa la sita huyu, asubuhi ana skuli. Nikaifuta ile gemu mbele yake na akalia na mimi moyo uliniuma, maanake kosa si lake, yule mtoto ni mchapakazi na ile gemu imeukamata uchapakazi wake ikaufunga kamba.

Tizama wazee pale Mkunguni mbele ya ngome. Dhumna zikimwagwa mezani mchezo umeanza. Adhana ikilia wanaacha kama ilivyo, wakirudi wanaendelea, hakuna aliyepoteza kitu. Na gemu za tivii za namna hio zipo jamani. Tetris toka 1984 ukiwasha unacheza. Celeste ya 2018 (hii iko kwenye PS4 namba mbili, muombeni) ni ngumu sana, utakufa mara mia, lakini ukifa unarudi pale pale hata pumzi hujavuta, mimi ndo gemu yangu ya siku nimechoka, dakika 20 zinanitosha na zote 20 nimecheza. Kwa hio mtu akiniambia haiwezekani simkubali.

Mabaya ya duka nayo yapo. Joto. Wakati wa Kaskazi lile feni moja halifanyi kitu, kuta za mawe zinasaidia mchana lakini usiku mkiwa watu 15 ndani mnaiva. Pedi ya PS4 namba tatu inavuta kushoto yenyewe, nimeshamwambia mara mbili, anasema ataleta nyingine kutoka Mombasa na bado. Usiku wa Ijumaa usiende kama huna subira, foleni, na foleni nayo ni kupoteza muda tu, nilimwambia aandikishe watu kwa simu kabla akasema atafikiria. Viti vya plastiki, mgongo wangu hauvipendi. Watoto wakija na yunifomu ya skuli anawarudisha, hilo mimi nalipongeza ila kuna wazazi wanafikiri anaringa.

Stima mnaijua wenyewe. Kule nilikokua naenda ilipotea nikiwa dakika 40 ndani ya ile ile gemu ya mapanga, na gemu haisevu mpaka ufike kwenye moto fulani, na mimi huo moto nilikua nauona, hatua kama ishirini hivi. Tivii ikazima. Iliporudi niko mwanzo, nyuma ya yule mzee. Jamaa akaniambia muda umeisha kaka, na pesa hairudi. Nilitoka sikusema kitu.

Huku Langoni kuna betri na inverta, inashika kama dakika tano, si ya kucheza, ni ya kusevu tu. Stima ikienda anapaza sauti, "Sevuni! Sevuni nyote!" na chumba kizima kinakimbilia kusevu. Gemu zisizosevu popote alizikolezea rangi nyekundu kwenye lile boksi, ukichukua yenye nyekundu umejua. Halafu anatoa daftari. Kila mtu anaandikiwa dakika zilizobaki, ukija kesho, ukija wiki ijayo, ukija mwezi ujao, ziko pale. Adhana ikimkuta mtu katikati ni vile vile, anaandika anafunga mlango tunaenda.

Jumanne stima imeenda nikiwa dakika ya 37. Akaandika, Ami Boti, 23. Nikakaa siku nne sijaonekana, bahari ilikua chafu na kazi nyingi, nikasema moyoni zile zishapotea, ni dakika 23 tu nani atazikumbuka. Jana nimepita baada ya Isha, hata sijasalimia vizuri, akafungua daftari akaweka kidole kwenye jina langu, akaenda kuwasha mashine namba mbili, akapita manembo yote, akafika pale nilipoachia, ndo akageuka akanipa pedi. "Haya Ami, 23 zako. Niambie ukiwa tayari nianze."