Samaki wa kupaka wa mume wangu, na bia tatu tulizoonja pamoja na samaki huyo: Kilimanjaro, Serengeti na Safari

Mwenye haraka achukue hili: kama mezani kuna samaki wa kupaka, fungua Kilimanjaro. Serengeti inafuata, tena ilikaribia kushinda. Safari iwekee siku ya nyama choma.

Mume wangu si mtu wa jikoni. Tangu tuhamie Unguja kutoka bara, yeye hununua samaki, mimi napika. Jumamosi akaenda soko la Malindi alfajiri, akarudi na changu wawili wanono, akaniambia, "Mama Neema, leo jikoni hukanyagi."

Aliwachanja, akawasugua kwa chumvi, ndimu, thomu na tangawizi, akawaacha wakolee huku anakuna nazi. Tui zito akalibandika na bizari na pilipili mbuzi, na mwiko haukumtoka mkononi, maana tui ukiliacha lichemke peke yake hukatika. Hapo nikajua kuwa miaka yote hiyo alikuwa ananiangalia ninavyopika. Samaki akawachoma kwenye seredani, anapaka tui, anageuza, anapaka tena, mpaka likashika na kuanza kuungua pembeni. Pilipili ilizidi kidogo. Lakini nyama haikukauka hata chembe, na ule ukoko wa tui nausifu hadharani: hata kwenye hoteli za Paje sijala uliofikia ule.

Sahani ya kwanza ilikwenda kwa bibi jirani kabla hatujafungua chupa yoyote. Wenyeji wetu ni Waislamu, kwa hiyo bia tunanunua kwenye duka lenye leseni na tunanywa ndani, kimya kimya.

Bia zote zilitoka friji moja. Alizimimina kwenye glasi zinazofanana bila kunitajia majina.

Kilimanjaro ina kilevi cha asilimia 4.5. Ni nyepesi, na uchungu wake mdogo unakuja mwishoni. Ukishameza tonge la wali wa nazi na samaki, gesi yake inaondoa mafuta ya tui ulimini na mkono unarudi wenyewe kwenye sahani. Serengeti, asilimia 4.8, ina ladha ya kimea iliyokolea, na utamu wa mbali unaokumbusha mkate uliotoka tanuri. Kwa samaki wa kuchoma mkavu, asiye na tui, ningeichagua hiyo. Kwa tui, utamu juu ya utamu unachosha kabla sahani haijaisha.

Safari ndiyo bia ya mume wangu miaka yote, kwa hiyo hapa tulibishana. Ina asilimia 5.5, nzito, na ladha yake inakaa. Tatizo ni pilipili: kilevi kikiongezeka, ukali wake nao huongezeka, na mdomo wangu uliwaka. Nikamwambia, baba, chukua kipande chenye tui jingi halafu unywe. Akanywa, akanyamaza, akavuta glasi ya Kilimanjaro.

Kwa joto la huku, mimina nusu glasi tu na chupa irudi kwenye friji. Bia ikishapata uvuguvugu, zote tatu zinabaki uchungu mtupu.

Zamu ijayo ameahidi pweza wa kukaanga, bila tui. Safari nitaipima upya hapo, na pilipili nimemwomba aweke nusu.